MTU ASIFANYE KAZI KWA SAHIHI YA MWINGINE

Ndugu Wafanya Kazi,

Ukipita Kondele asubuhi, karibu na daraja la barabara ya Kakamega, utawaona mafundi wamekaa na mifuko yao wakingoja kuitwa kazini. Miongoni mwao wamo mafundi wa stima waliokuwa askari. Hawa huwajua upesi: viatu vyao vimepigwa rangi hata siku ya mvua. Jeshini walitengeneza jenereta, walivuta nyaya katika mabweni, kisha wakarudi nyumbani. Lakini hapa mjini hawana leseni, na asiye na leseni si fundi mbele ya sheria.

Basi hufanyaje? Humtafuta kontrakta mwenye leseni. Kontrakta huchukua kazi, yule askari wa zamani huvuta nyaya nyumba nzima, kisha kontrakta hutia sahihi yake juu ya cheti kinachotakiwa kabla ya mita kuletwa. Mara nyingine mwenye sahihi hakuiona nyumba hata siku moja. Fedha humwendea yeye, na mwenye jasho hupata nauli na chakula. Nyumba ikiungua, mwenye sahihi husema, "Mimi sikuvuta nyaya hizo," na aliyezivuta jina lake haliko popote.

Wako wenzetu wasemao, "Hawa wana pensheni, wasije wakatunyang'anya kazi." Twawajibu hivi. Kwanza, si kila atokaye jeshini ana pensheni. Wako waliotoka kabla miaka yao haijatimia. Pili, kinachopunguza mshahara wetu si kuja kwao, bali ni kukosa kwao karatasi. Tajiri akipata fundi asiye na jina kwa nusu ya bei, kwa nini akulipe wewe bei kamili? Maadamu mmoja wetu anafanya kazi gizani, sote twalipwa bei ya gizani.

Wako pia wasemao, "Wapewe leseni bure, maana wamelitumikia taifa." Hilo nalo twalikataa. Stima haijui saluti. Lori la jeshi hutumia volti 24, lakini nyumba hutumia volti 240, na mashine kubwa ya kusaga volti 415. Kabla ya kuwasha stima katika nyumba, fundi hana budi kupima: ngozi ya waya ipimwe kwa volti 500, na kipimo kisipungue megaomu 1, waya wa ardhi uwe mzima, swichi ikate waya wa moto, wala si waya wa nyutro. Fikirini vyumba vya mabati vya Manyatta, vilivyoshikana ukuta kwa ukuta. Waya mmoja uliochubuka ukigusa bati, na waya wa ardhi haupo, ukuta mzima huwa na stima, na mtoto aliyetoka kuoga hushika ukuta huo. Leseni iliwekwa kwa ajili ya mtoto huyo. Isitolewe kwa huruma.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya askari wa KAR waliopigana Burma na Uhabeshi walirudi uraiani, na wengi walikuwa watu wa Nyanza. Jeshi lilikuwa limewafundisha udereva, umakanika na kazi za simu. Walidhani watapata kazi ya fundi kwa mshahara wa fundi. Wengi walikuta nafasi nzuri zimeshikwa na watu wa rangi nyingine, na Mwafrika akilipwa kidogo hata kwa kazi ile ile. Wengine walitia fedha zao za vita katika maduka, na maduka mengi yakafa. Sheria zile za rangi zimeondoka. Lakini hata leo ujuzi wa askari waweza kupotea langoni mwa kambi, siku ile anapovua nguo za jeshi.

Njia ya kupata leseni ipo. NITA ina chuo chake hapa Kisumu, na mtihani wa ufundi una gredi ya III, ya II na ya I. Mtu hupimwa kwa kazi ya mikono pamoja na maswali. Baada ya hapo huiendea EPRA, iliyowekwa na Sheria ya Nishati ya 2019, akiwa na vyeti vyake na maelezo ya kazi alizofanya, naye huhojiwa. Leseni zina ngazi, kuanzia C2 iliyo chini hadi A1 iliyo juu.

Kinachowazuia ni nini? Karatasi wanazotuonyesha zataja miaka na tabia njema, lakini habari za ufundi ni chache. Tena kibarua akienda kufanya mtihani, siku hiyo jikoni hamna kitu. Na tuseme kweli: mtu aliyekuwa sajini huona haya kukaa benchi moja na vijana wa juzi.

Kwa hiyo twataka mambo manne.

Kwanza, askari fundi afanyiwe mtihani wa gredi angali anavaa nguo za jeshi na kupokea mshahara, na siku ya kutoka apewe karatasi itajayo mashine alizoshika, volti alizofanyia kazi na miaka yake.

Pili, ujuzi uliopatikana kazini upimwe kwa mikono, mtu asirudishwe darasa la kwanza kujifunza kushika bisibisi.

Tatu, mwanachama wetu mwenye leseni asitie sahihi juu ya nyumba asiyoiona na kuipima. Akitaka msaidizi, amwandike kwa jina na amlipe kwa haki. Anayeuza sahihi yake anauza mshahara wetu sote.

Nne, nawe ndugu uliyetoka jeshini, weka cheo kando, uje kwenye chama. Tawi letu lianzishe darasa la jioni, wenye leseni wafundishe upimaji wa nyumba, nawe utufundishe jenereta, maana wengi wetu hatuzijui vizuri.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na huyu hata si mgeni, ni mtoto wa nyumbani aliyerudi. Afanye mtihani, apate karatasi yake, na kazi yake iwe na jina lake.

Sisi wenzenu katika kazi,
Wanachama wa Tawi, Kondele