Fimbo ya baba haikuwa na bei

Kikao cha ukoo kilianza saa nne asubuhi chini ya mwembe, nyumbani kwa marehemu kaka yangu huko Mbuba, wilayani Ngara. Hadi saa nane mchana tulikuwa tumemaliza shamba la migomba, kahawa, ng'ombe wawili, pikipiki na bati kumi na sita alizonunua ili amalizie nyumba. Baba mdogo, ambaye kikao kilimteua kuwa msimamizi wa mirathi, alikuwa akiandika kwenye daftari la shule. Kila kitu na mstari wake, na pembeni thamani yake.

Ndipo binti wa marehemu, yupo kidato cha tatu, akatoka ndani na mfuko mwembamba mrefu mweusi.

"Babu, na hii?"

Baba mdogo akavuta zipu. Ndani mlikuwa na fimbo ya pool, ile ya vipande viwili vinavyoungana kwa kukaza. Kaka aliinunua Mwanza zamani, alipokuwa utingo wa lori. Mahali pa kushika alikuwa ameviringisha utepe wa tyubu ya baiskeli, maana mkono wake ulitoka jasho sana. Baba mdogo aliitazama, akacheka kidogo, akaandika: Fimbo ya pool, 1. Upande wa thamani akaandika: haina.

Kwa msomaji ambaye hajapita huko, mambo huenda hivi. Muhtasari wa kikao unapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi ya usimamizi. Msimamizi akishateuliwa na mahakama ana miezi minne ya kurudisha orodha ya mali kwenye Fomu Namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo kwenye Fomu Namba 6. Ni utaratibu mzuri na umeokoa wajane wengi. Lakini fomu inataka mali na bei yake. Kitu kisicho na bei kinabaki mikononi mwa yeyote anayekitaka zaidi, au anayekichukia zaidi.

Na siku ile wote wawili walikuwapo.

Baba mdogo alisema kuna baa pale senta wataichukua kwa elfu thelathini, pesa inunue daftari. Mjomba mmoja akapinga: kitu cha mwanamume kiende kwa mwanamume, apewe mdogo wake huyu binti. Kijana mwenyewe ana miaka tisa na anapenda mpira wa miguu. Mjomba hakuyatoa kichwani mwake. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, linapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, watoto wa kike la tatu. Wazee wetu wengi hawajawahi kuliona andiko hilo lakini wanalijua kwa moyo.

Wifi yangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ichomeni."

Mzazi mwenzangu, usiharakishe kumlaumu. Kaka alicheza vizuri, na alicheza kwa dau. Kuna muhula ambao ada ya huyu binti ilikwenda kwenye ile meza ya kijani, na wifi akauza mbuzi wake kuifidia. Kuna usiku alikaa macho akisikiliza kama pikipiki inapanda kilima. Mwaka 2016 viongozi wa serikali, hadi wa juu kabisa, walipowakemea vijana wanaocheza pool saa za kazi, wifi alinipigia simu akacheka: "Wifi, leo kaka yako katajwa redioni." Kwake fimbo ile si kumbukumbu ya mume. Ni ya mwanamke mwenzake.

Nilimwita binti pembeni nikamuuliza anaitakia nini. Nilidhani atasema anataka kumkumbuka baba, kama tunavyosema wote. Akaniambia habari nyingine kabisa.

Kumbe kaka, akijua mtoto haruhusiwi kuingia baa, alikuwa akitandika blanketi juu ya meza ya kulia chakula Jumapili mama akiwa kanisani kwenye kwaya. Anapanga malimau. Anamfundisha kusimama, kuweka kidevu chini, kuhesabu pembe ya limau kugonga ubavu wa meza na linakorudi. "Alisema limau halina adabu, ukiweza kulinyoosha, mpira utakutii wenyewe." Hesabu za maumbo za kidato cha pili alizielewa pale, mezani. Halafu akasema neno lililoninyamazisha: "Shangazi, pale alikuwa hanywi."

Hapo nikaona kwamba fimbo moja ilikuwa fimbo mbili. Ile ya mama iliishi usiku, na ya mtoto iliishi Jumapili asubuhi. Kikao kingeichoma, kingekuwa kimechoma zote.

Nami sina mikono safi kwenye jambo hili. Baba yetu alikuwa na bao, lile la mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, majirani zetu wa Rwanda wanaliita igisoro. Lilichongwa kwa tezo kutoka kipande kimoja cha mti, na kingo zake zilikuwa zimelainika kama sabuni kwa kuegemewa na viwiko vya wanaume wa kijiji kizima. Baba alipofariki tuligombania mashamba miezi mitatu. Bao liliachwa nyuma ya jiko. Kuku wakanywa maji kwenye mashimo yake, mvua ikalipasua, na siku moja lilichochea moto wa kupikia maharage. Sikuumia siku ile. Niliumia miaka kumi baadaye, mwanangu aliponiuliza babu alikuwa mtu wa namna gani nikabaki ninatafuta la kumwambia. Alikuwa mkali, nilisema. Kumbe kwenye bao alikuwa mcheshi kupindukia, akimtania anayeshindwa hadi mtu anainuka na kigoda chake. Ningekuwa nalo, lingenisaidia kusimulia.

Mwalimu Nyerere naye alilipenda bao, na vitu vyake vina makumbusho pale Butiama. Watu wa kawaida makumbusho yetu ni uvungu wa kitanda cha mtoto.

Sisemi kila kitu kitunzwe. Viatu vya mpira vya marehemu mpe anayevijaa leo, maana soli inakauka na kupasuka ikikaa bure. Jezi nazo, moja inatosha. Ila kifaa kilichopita mkononi mwa mtu miaka na miaka hadi kikachukua umbo la mkono wake, ulizeni kwanza kabla hamjakigawa. Msiulize nani mkubwa. Ulizeni nani alikuwa anakitumia pamoja naye. Na mkiweza, mwenye kitu aulizwe akiwa bado hai anakunywa chai yake. Haina uchuro wowote. Nimeshamuuliza mume wangu juu ya raketi yake ya tenisi ya meza. Amesema nisiiguse.

Kwenye suala la jinsia nilisimama mbele ya wazee nikasema pool si ya wanaume peke yao. Mashindano ya taifa ya Safari Pool yalikuwa na mabingwa wanawake. Mjomba akasema hajawahi kusikia. Nikamjibu ndiyo maana nimemwambia. Shangazi ana nafasi yake kwenye ukoo, na mara chache huwa naitumia.

Lakini neno la mwisho nilimwachia wifi, kwa sababu deni lilikuwa lake. Tulikaa jikoni wawili. Sikumtetea kaka. Nilimweleza tu habari ya malimau, ambayo hakuwa akiijua. Alikaa akimenya ndizi hadi sufuria ikajaa. "Ndiyo maana yalikuwa yanaisha," akasema.

Masharti yake yalikuwa haya: fimbo haitoki nje ya nyumba hadi mtihani wa kidato cha nne upite, na haitachezewa pesa, hata mia. Binti alikubali kabla mama hajamaliza sentensi. Baba mdogo akarudi kwenye daftari, akaacha neno "haina" palepale, na mbele yake akaandika jina la mtoto.

Kama nawe unayo nyumbani, au unarithi, jua mti wa fimbo ya pool ni mti, unaishi. Ukiuegemeza ukutani miezi mingi unapinda. Joto la chini ya bati linauharibu, na moshi na unyevu wa jikoni vivyo hivyo. Ilaze sawasawa juu ya kitu kilichonyooka, vipande vikiwa vimefunguliwa, ndani ya mfuko wake. Ifute kwa kitambaa kikavu, usiioshe. Kile kingozi cha kwenye ncha kikichakaa kinabandikwa kipya bila kuharibu kitu. Na usiipige vanishi. Mjomba, akitaka kusaidia, alikuwa tayari ameanza kuvuta ule utepe wa tyubu ili "ing'ae". Binti alimshika mkono.

Asubuhi ya kuondoka wifi alinisindikiza hadi barabarani kusubiri gari la Kahama. Tulizungumza habari za mbolea na bei ya kahawa. Gari lilipotokea kwenye kona akaniuliza, akiangalia pembeni:

"Hivi wifi, ile chaki ya bluu wanayopaka pale kwenye ncha, inauzwa wapi? Kwenye mfuko imebaki kipande kidogo tu."