Ardhi ya kijiji haigawiwi kwa muhtasari

SAUTI YA KITONGOJI
Na Rehema Mdoe

Mjadala wa katiba ukipamba moto, maneno yetu yote huishia Ikulu na Dodoma: rais apunguziwe madaraka, mawaziri wasitoke bungeni, tume ya uchaguzi iwe huru. Ni maswali mazito, siyapuuzi. Lakini ipo serikali iliyo karibu zaidi na wananchi wa Tanzania Bara, na kwa muundo wake inawapa sauti kuliko Bunge lenyewe. Nao ni mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano huo ndio mamlaka ya juu ya kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Bibi anayelima nusu eka ya mihogo ana kura sawa na mwenye mashine ya kusaga, na hakuna mbunge wala diwani wa kumsemea. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inatoka kwao na inawajibika kwao. Huko Uswisi, wananchi wa Glarus na Appenzell Innerrhoden hukusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka kuamua mambo yao kwa kunyoosha mikono, na dunia huwasifu. Sisi tuna vijiji zaidi ya 12,000 vinavyotakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaupa mkutano huo meno: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini yake. Hapo ndipo ujanja ulipoingia. Ofisi za juu haziulizi kama watu walikaa wakakubaliana, zinaomba muhtasari. Na muhtasari unaandikika hata usiku.

Katika kijiji kimoja nilionyeshwa nakala ya muhtasari uliompa mwekezaji shamba. Umeambatanishwa na orodha ya mahudhurio yenye majina kurasa nne, wino mmoja, mwandiko mmoja, hata sahihi zimelala upande mmoja. Mama mmoja alilikuta jina lake humo, na mbele yake sahihi ya kuchezesha kalamu. Yeye hajui kuandika. Siku zote hutia dole gumba.

Anayeandika muhtasari ni mtendaji wa kijiji, katibu wa mkutano. Mwajiri wake ni halmashauri ya wilaya, bosi wake ni mkurugenzi, na mkurugenzi huteuliwa na rais. Mwanakijiji hana mahali pa kumshika. Mwenyekiti ndiye anayechaguliwa, lakini hagombei bila kudhaminiwa na chama, halipwi mshahara, na akimkorofisha mtendaji hana pa kwenda. Halafu tunawalaumu wananchi kwamba hawahudhurii mikutano! Waje kufanya nini, kama mapato na matumizi hayasomwi na ardhi imeshagawiwa?

Dawa ipo na haihitaji fedha nyingi. Muhtasari wowote unaogusa ardhi usomwe kwa sauti katika mkutano unaofuata na uthibitishwe hapo, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, na ofisi yoyote ikatae kuupokea kabla ya hapo. Mtendaji asipandishwe cheo wala kuhamishwa bila mkutano mkuu kutoa tathmini ya kazi yake.

Sheria peke yake haitoshi, maana mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa uamuzi wa wakubwa, na wanavijiji hawakuulizwa. Katiba ya sasa imezirudisha kwa ibara mbili tu, ya 145 na ya 146; kijiji kimetajwa, mkutano wake mkuu haumo. Katiba ijayo iutaje kwa jina, na iseme wazi kwamba mtendaji wa kijiji anawajibika kwake.