Azimio Lililofika Dukani



Katika mikutano yetu ya matawi kuna neno moja ambalo vijana wamechoka kulisikia: "Subirini." Katika mkutano mmoja kijana wa idara ya kufungasha alisimama akauliza chama kina msimamo gani juu ya watoto wanaochimba kobalti kule Kongo. Mimi nilikuwa kwenye meza ya mbele. Nilimjibu kwamba kwanza tumalize ya mishahara na buti, hayo ya dunia yana wenyewe. Ukumbi ulinipigia makofi. Leo nasema nilikosea, na nitaeleza kwa nini.

Tarehe 19 Julai 1984, katika duka kubwa la Dunnes mjini Dublin, nchini Ayalandi, mteja alifika kwa keshia na mabalungi mawili. Keshia alikuwa binti wa miaka 21, Mary Manning. Matunda yale yalitoka Afrika ya Kusini, na chama chake cha wafanyakazi kilikuwa kimepitisha azimio kwamba wanachama wasishughulike na bidhaa za Makaburu. Mary akakataa kuyauza. Akasimamishwa kazi, na wenzake wapatao kumi wakatoka nje pamoja naye, wakiongozwa na mwakilishi wao, Karen Gearon, kijana kama wao.

Hawakuwa mabingwa wa siasa. Wenyewe wamesema baadaye kwamba siku ile hawakujua mengi juu ya ubaguzi wa rangi. Walitii azimio la chama, basi. Ndugu zangu, sisi tunajua maisha ya maazimio. Wajumbe hunyoosha mikono, katibu huandika, halafu kila mtu hukimbilia basi la kurudi kwao. Hili moja lilifika mpaka kwenye meza ya keshia kwa sababu kijana aliamini kwamba wakubwa wake walisema kweli.

Elimu waliipata pale pale nje ya duka, wakiwa na mabango yao. Nimrod Sejake, mwana wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Kusini aliyekuwa uhamishoni, alikuja akasimama nao, akawaeleza maisha ya mfanyakazi Mwafrika chini ya sheria za pasi. Walidhani mgomo utakwisha upesi, kumbe walikaa nje zaidi ya miaka miwili na nusu, kwa posho ya mgomo ya pauni 21 kwa wiki. Mwaka 1985 walisafiri kwenda kujionea wenyewe. Makaburu wakawazuia uwanja wa ndege wa Johannesburg na kuwarudisha. Mgomo ulikwisha mwaka 1987, baada ya serikali ya Ayalandi kupiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika ya Kusini. Mandela alipofika Dublin mwaka 1990 alikutana na baadhi yao.

Wako waliosema kwamba kususia kule kutamnyima chakula Mwafrika anayechuma matunda. Hoja hii siidharau. Sisi wa mashambani tunajua kwamba chai isiponunuliwa, wa kwanza kupunguzwa ni mchumaji, si meneja. Lakini mwenye haki ya kulijibu swali hilo alikuwa mfanyakazi wa huko, naye alijibu: shirikisho la COSATU, lililoundwa mwaka 1985, liliunga mkono vikwazo. Kwa hiyo nawaambia vijana wetu pia, msikurupuke kuwasusia watu ambao hamjawauliza. Ulizeni kwanza. Na kuuliza ndiko alikokuwa akifanya yule kijana wetu.

Chai yetu, kahawa yetu na maua yetu vinauzwa katika maduka ya Ulaya, na wanaovipitisha kwa keshia ni vijana wa umri wa Mary Manning. Siku sisi tukidhulumiwa shambani tutawaandikia wao. Je, tutawaandikia kwa uso gani, ikiwa kijana wetu akitaja watoto wa Kongo tunamkalisha chini?

Hajaja mkutanoni tangu siku ile. Mkutano wa tawi ni mwisho wa mwezi huu. Nimemwomba katibu aliweke swali lake la kwanza katika ajenda, kabla ya buti, na nimemtuma mwenzake wa zamu akamwite.