Mwambie Fundi Ukweli: Chai Ilimwagika



Leo nina neno kwa kila mwenye laptopu, hasa wewe mwanafunzi wa chuo, na wewe katibu wa kikundi unayeweka hesabu za watu humo.

Laptopu ya ofisi yetu ilimwagikiwa chai ya maziwa. Ndugu aliyekuwa nayo akaifuta, akaifukia kwenye mchele usiku kucha. Asubuhi ikawaka. Tukashukuru, tukanyamaza. Wiki tatu baadaye ikazima. Ukichomeka chaja, kimya. Na ndani mlikuwa na rekodi zote za michango ya matanga na ya wagonjwa. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Fundi wa kwanza alituuliza ilikuwaje. Tukajibu, "Ilizima tu." Mpendwa, huo ulikuwa uongo, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Akajaribu chaja moja, akajaribu ya pili, akasema bodi imekufa.

Fundi wa pili hakuchomeka chochote. Aliuliza, "Imemwagikiwa nini?" Nikasema ukweli.

Sasa sikiliza alivyofanya. Alitoa betri kwanza. Akapima chaja peke yake: volti 19, haina shida. Akatoa bodi, akatuonyesha ukungu wa kijani karibu na tundu la chaja. Hiyo ni shaba ikiliwa. Kisha, bila stima yoyote, akaweka mita kati ya laini kuu ya stima na upande wa hasi. Mita ikalia. Shoti.

Akapaka spiriti juu ya bodi, akaingiza volti 1 tu kwenye hiyo laini. Palipokauka kwanza ndipo palipokuwa na joto: kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mchele. Akaing'oa, shoti ikaisha. Nikasema, "Asante Yesu!" Akanijibu, "Bado, Pasta." Kuna volti 3.3 zinazotakiwa kuwepo hata kabla hujabonyeza swichi, nazo hazikuwepo. Kutu ilikuwa imekata njia nyembamba ya shaba chini ya uchafu wa chai. Akasafisha, akaunganisha kwa waya mwembamba kama unywele. Ndipo ikawaka, na rekodi zetu zikiwa salama.

Huu ndio msimamo wangu. Maji peke yake hayaharibu bodi haraka kama stima inayopita ndani ya maji. Hata ukizima laptopu, betri bado inapeleka stima sehemu fulani za bodi, na stima ikikutana na unyevu, shaba inaliwa upesi. Mchele hautoi sukari, wala maziwa, wala chumvi. Kwa hiyo kuwaka asubuhi si kupona. Uharibifu unaendelea kimya kimya.

Ikikupata, fanya hivi. Zima papo hapo. Chomoa chaja. Betri itolewe. Usiiwashe hata mara moja "kuona kama iko sawa." Ipeleke siku hiyo hiyo, useme ni chai, ni soda au ni maji ya chumvi, ilimwagika saa ngapi, na kama ulijaribu kuichaji. Fundi akitaka kuchomeka chaja kabla ya kupima, mwombe kwa heshima apime kwanza. Na shoti moja ikiondoka, usimharakishe. Huenda kuna njia nyingine iliyokatika.

Najua kuna atakayeuliza, "Pasta, si tungeiombea tu?" Omba, mpendwa. Mimi pia niliomba. Lakini nilikuwa naomba huku nimemficha fundi jambo moja ambalo angehitaji kujua ili atusaidie. Chai ilimwagika kwa bahati mbaya. Kunyamaza tulichagua wenyewe, na nusura wajane wetu wapoteze hesabu zao kwa sababu ya aibu yetu.

Kama kuna laptopu imelala kabatini kwako tangu ilipomwagikiwa, usiichomeke leo kujaribu bahati. Ipeleke, useme ukweli wote. Na hiyo inayofanya kazi, wekea rekodi zake nakala kabla hujalala usiku huu.

Ubarikiwe. Mtumie na mwenzako ujumbe huu.