Mikono ya Mzee Isikae Bure

Katika miji na vijiji vyetu utaona jambo moja mara nyingi. Mzee amewekwa katika kiti mbele ya nyumba tangu asubuhi hata jioni. Amepewa chakula. Nguo zake zimefuliwa. Ukiwauliza watoto wake, watajibu: “Baba amefanya kazi ya kutosha. Sasa apumzike.” Wanafikiri kwamba hiyo ni heshima. Sisi tunasema kwamba, bila kujua, wanamnyima kitu ambacho mzee anakihitaji kama vile anavyohitaji chakula: kazi ya kupendeza ya mikono yake, na watu wa kuifanya pamoja naye.

Hatusemi juu ya kulima, wala kubeba maji na kuni. Mgongo wake umekwisha kutoa sehemu yake. Tunasema juu ya kusuka vitunga na mikeka, kushona, kufinyanga vyungu, kuchonga miti, kupiga likembe, kuimba na kusimulia hadithi.

Labda utauliza: “Hospitali ina neno gani na vitunga?” Ina neno kubwa. Vidole visivyotumiwa vinakuwa vigumu na kukosa nguvu. Miguu ya mtu anayekaa siku nzima inalegea, na mwisho anaanguka. Akili nayo inapashwa kufanya kazi. Mwanamke anayesuka kitunga chenye maua anahesabu, anakumbuka, anachagua rangi, anaona kosa na kulitengeneza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikusanya habari za utafiti zaidi ya 3.000 juu ya sanaa na afya. Lilionyesha kwamba nyimbo, michezo, picha na kazi za mikono zinaweza kusaidia afya ya mwili na ya akili. Mwaka 2025 shirika hilo lilitangaza tena kwamba upweke unahusika na vifo vipatavyo 871.000 kila mwaka katika dunia yote. Basi usiseme kwamba upweke ni huzuni kidogo tu. Unaharibu afya.

Wengine wanasema: “Nimezeeka. Siwezi kuanza jambo jipya.” Sikieni habari ya mama mmoja wa Marekani, Anna Mary Robertson Moses, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa mke wa mkulima, na alizoea kutengeneza picha kwa sindano na nyuzi. Alipokuwa mzee viungo vya mikono vilimwuma, asiweze kushika sindano vema. Hakuacha kazi, aliacha sindano tu. Alichukua brashi na rangi, na alipokuwa na miaka karibu 78 alianza kuchora kwa bidii. Picha zake zikajulikana katika inchi nyingi. Alikufa mwaka 1961, akiwa na miaka 101. Hatukuahidi sifa kama zake, wala miaka 101. Tunataka ujifunze neno hili: kazi moja ikikushinda, tafuta nyingine inayofaa mikono yako ya sasa.

Hapa kwetu Kongo pia tuna mifano. Mawangu Mingiedi wa Kinshasa alipiga likembe maisha yake yote. Mwaka 2004, wakati sahani ya kundi lake Konono No 1 iitwayo Congotronics ilipotoka, alikuwa mzee wa miaka kama 70. Alipokufa mwaka 2015, mwana wake Augustin alikuwa amekwisha kujifunza kazi ile, akaishika. Na katika msitu wa Ituri, Wambuti walikuwa na ufundi wa nguo za gome la mti: wanaume walipiga gome mpaka likawa laini, wanawake wakachora alama juu yake kwa maji meusi ya matunda. Nguo moja ilihitaji mikono ya watu wengi. Hivi ndivyo kazi ya mikono inavyofanya: inafunga watu pamoja.

Kuna neno jingine lililo gumu, lakini tuliseme. Mzee asiyezungumza na mtu, watu wanaanza kumwogopa. Mtoto wa jirani akifa, macho yanamgeukia mama mzee anayekaa peke yake, na wengine wanasema: “Ni mchawi.” Katika inchi yetu wazee wamepigwa, wamefukuzwa, hata wameuawa kwa sababu ya uwongo huo. Malaria haitoki kwa mama mzee. Inaletwa na mbu. Ni kazi yetu sote, na ya wakubwa wa kijiji, kumlinda. Lakini fikiri pia: mama ambaye watoto wa jirani wanakaa miguuni pake kila jioni kujifunza kusuka, nani atamwogopa upesi? Wanajua sauti yake. Wanajua kicheko chake. Vitunga vyao vya kwanza, vilivyopindika, vimetoka mikononi mwake.

Na wewe mzee uliyekimbia vita, uliyeacha shamba na nyumba yako, unayelala sasa katika kambi au kwa ndugu: hukuacha ufundi wako nyuma. Uko ndani ya vidole vyako. Kama hakuna majani ya kusuka, tafuta nyuzi za mifuko iliyochakaa. Kama hakuna nyuzi, unazo hadithi. Watoto waliozaliwa safarini hawajui kijiji chenu. Nani atawaambia, kama si wewe?

Sasa fuata mashauri haya:

1. Fanya kazi mchana, penye mwanga mzuri, nje ya moshi. Kama huoni tundu la sindano, nenda ukapimwe macho. Pengine miwani itatosha. Pengine ni ugonjwa wa macho ambao munganga anaweza kuupasua.

2. Vidole vikiwa vigumu asubuhi, vitie kwanza katika maji ya vuguvugu, vikunje na kuvinyosha polepole.

3. Usikae bila kusimama. Kila nusu saa simama, tembea kidogo, kisha rudi.

4. Kiungo kikivimba, kikiwa na moto na maumivu makali, pumzika na uende hospitali.

5. Usiache madawa yako. Kitunga hakishushi damu iliyopanda, wala hakiponyi sukari. Kinasaidia, hakishiki mahali pa dawa.

6. Usifanye peke yako ikiwa mtu yuko karibu. Alika jirani. Mwite mjukuu.

Ninyi watoto, angalieni jambo hili. Mzee aliyependa kuimba akinyamaza, au aliyependa kusuka akitupa kazi yake, asiposhiba usingizi wala kutaka chakula, msiseme tu: “Ni uzee.” Mleteni hospitalini. Labda macho yamefifia, labda masikio yamezibika, labda ni ugonjwa wa huzuni ya moyo. Mengi ya mambo hayo yana msaada.

Wala msimcheke. Mshono ukipinda, acheni upinde. Msimnyang’anye kazi na kusema: “Lete, nitaimaliza mimi upesi.” Hana haja ya upesi. Anahitaji kuona kwamba mikono yake ingali inaleta kitu kizuri duniani, na kwamba mtu fulani anakingojea.

Basi jioni hii nenda kwa mzee wa nyumba yako, au wa jirani asiye na watoto. Usimwulize tu kama amekula. Mwulize: “Baba, ulipokuwa kijana ulijua kutengeneza nini?” Au: “Mama, nani alikufundisha kusuka?” Kisha keti chini, umwambie: “Nifundishe na mimi.”