Sehemu ya 6: Mashine ndiyo irekebishwe, siyo jina

Leo tuache kidogo mambo ya uji na homa, tuongee kuhusu maandishi.

Juzi kaja mama na mtoto wa miezi 9, chanjo ya surua na rubela. Kadi anayo, inasoma vizuri: anatoka Nang'ondo. Natafuta kwenye orodha ya Nang'ondo kwenye kompyuta, mtoto hayumo. Kumbe yumo, ila pameandikwa "Nang’ondo". Mama akaniuliza, "Nesi, huko ndiko wapi?"

Tatizo ni kile kialama cha juu, ritifaa. Programu nyingi za kuandikia hukipindisha zenyewe. Kilichopinda, kwenye mfumo wa UTF-8, kinahifadhiwa kwa namba 3. Programu nyingine ikifungua faili bila kuambiwa ni mfumo gani, inakisia. Ikikisia ule wa zamani wa Windows, namba 3 zinakuwa herufi 3 za ajabu. Hata Notepad imeanza kuhifadhi kwa UTF-8 yenyewe mwaka 2019 tu.

Sasa kuna wanaowaambia wamama, "Toa hicho kialama, andika ng tu." Mimi sikubali. Ng'ombe na ngoma hazianzi kwa sauti moja. Na huku kwetu utatoa vingapi? Nachingwea tuna Nang'ondo, Ruangwa wana Narung'ombe. Na majina ya watoto je? Cheti cha kuzaliwa kikisoma hivi na kadi ikisoma vile, atakayezungushwa ni mzazi.

Wenzangu tunaoingiza taarifa, tusiiache programu ikisie. Ukihifadhi chagua UTF-8, ukifungua chagua hiyo hiyo, na wote tutumie ritifaa iliyonyooka. Ni kazi ya dakika moja.

Na wewe mama, jina la mwanao likiingizwa, omba ulione. Ukiona herufi za ajabu au alama ya kuuliza katikati ya jina, sema pale pale. Usione aibu, hausumbui mtu. Na kadi ya kliniki itunze, maana karatasi haikisii.

Yule mtoto alichanjwa siku ile ile, kwa sababu mama alikuja na kadi. Je, angeisahau nyumbani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mtumie na mwenzako mwenye mtoto mchanga asome.