Kitoweo Kisicho Nyama

Katika nchi yetu ya Usukuma mtu akisema kwamba hali nyama, watu humcheka. Hudhani ni mgonjwa, au hana fedha. Huko Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, kijana akipata fedha kidogo hukimbilia nyama ya kuchoma, na mwenzake apikaye maharage huitwa maskini. Mimi naona mwenye maharage hana sababu ya kuona haya. Ila kuna jambo limpasalo kulijua kwanza, nami nalijua kwa kuwa nilikosea.

Wazee wetu walikuwa na ng'ombe wengi, lakini msidhani kwamba walikula nyama kila siku. Ng'ombe alikuwa mali: kwa ng'ombe mtu alioa, na kwa ng'ombe alipata nafaka mwaka wa njaa. Nyama ililiwa siku ya arusi au ya matambiko, au ng'ombe alipojifia. Siku nyingine kitoweo kilikuwa maziwa, karanga zilizotwangwa, njugu mawe, choroko, kunde, na majani ya kunde yaliyokaushwa, ndiyo nsansa. Basi asemaye kwamba kula bila nyama ni desturi ya kigeni hajauliza nyumbani kwake. Tena zitazameni dengu. Wakulima wa Shinyanga huzilima katika mbuga zenye udongo mweusi ili wapate kuziuza, na huko India ni chakula cha watu wengi sana wasiogusa nyama tangu kuzaliwa kwao. Sisi twauza kitoweo, kisha twatafuta fedha za kununulia kitoweo!

Sasa nitawaeleza kosa langu. Nilipoazimu kuacha nyama, niliiacha nisiweke kitu mahali pake. Nyumbani tukala ugali wa muhogo na mlenda, mchana na jioni, hata maziwa hatukuyatafuta. Ikapita miezi, mtoto wangu mdogo akawa mnyonge, hataki kucheza na wenzake. Tulipompeleka kupimwa tukaambiwa kwamba damu yake imepungua. Niliona aibu sana, kwa maana ni mimi niliyekuwa nikiandika habari za vyakula ubaoni.

Labda mmoja wenu atanitajia Danieli, aliyekataa chakula cha mfalme akaomba vyakula vya shambani na maji, naye akanawiri. Ni kweli, lakini jaribio lile lilikuwa la siku 10, na mtoto hukua kwa miaka.

Mlenda huteremsha ugali vizuri, lakini peke yake haujengi mwili. Nyama hujenga mwili kwa sababu ya protini, na muhogo una protini kidogo mno. Karanga, choroko na maharage makavu yana zaidi ya gramu 20 za protini katika kila gramu 100. Njugu mawe hukaribia hapo. Lakini hiyo ni hesabu ya mbegu kavu. Zikipikwa hunywa maji mengi, kwa hiyo yafaa mtu ale bakuli, si vijiko viwili. Zikiliwa pamoja na ugali wa mtama au wa mahindi, kilichopungua katika kimoja hukamilishwa na kingine. Madini ya chuma yamo katika kunde na mboga za majani. Ukila na limau au pera mwili huyapokea vema, bali chai pamoja na chakula huyazuia. Karanga zilizoota ukungu zitupwe, kwa kuwa sumu ya kuvu huua: mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Lipo tena jambo ambalo hata mpenda mboga hana budi kulikiri. Vitamini iitwayo B12, iliyo ya lazima kwa damu na mishipa ya fahamu, haipatikani katika nafaka wala mboga. Aachaye nyama na samaki na ashike maziwa au mayai. Asiyetaka hata hivyo, aulize wauguzi habari za vidonge.

Mtoto wangu alipona kwa dawa, na kwa maziwa na karanga. Leo ni mtu mzima. Hula nyama kila aipatapo, nami simkatazi. Ila akija kunitembelea huuliza kwanza kama njugu mawe zimekwisha kuiva.